Kama sumu inaharibu DNA, kwa nini isimalize virusi mwilini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kidato cha tano na cha sita. Tukiwa kwenye mada ya mabadiliko ya vinasaba, mwanafunzi mmoja aliniuliza: kama gesi ya haradali na sumu nyingine zinaharibu DNA, na kirusi si chochote ila DNA au RNA iliyofungwa kwenye protini, kwa nini mgonjwa wa virusi asipewe dozi ndogo ya sumu hizo zikavimalize? Nilimjibu juujuu tu tukaendelea. Lakini swali limenikaa kichwani, kwa sababu mimi mwenyewe natumia ARV kwa miaka mingi. Nilianza na zile zenye d4T, dawa ya zamani ya VVU, sasa niko kwenye TLD, kidonge chenye dawa tatu, na nimesoma mahali kwamba dawa hizi nazo "zinaingia kwenye DNA". Je, ni sumu ileile iliyopewa jina zuri?

JIBU: Mwalimu, huyo mwanafunzi mpe alama zake. Nusu ya hoja yake ni kweli tupu: sumu hizo zinaviua virusi, na viwanda vya chanjo vinatumia baadhi yake kwa kazi hiyohiyo hadi leo. Kasoro iko kwenye nusu ya pili. Na kabla sijaenda mbali, nikutoe wasiwasi kwa lile linalokuhusu wewe: TLD si jamaa wa gesi ya haradali, wala usiache dawa. Sababu ziko huko chini, na nimezieleza kwa urefu kwa kuwa mwalimu hatosheki kuambiwa "ni salama" bila kuonyeshwa utaratibu wenyewe.

Tuanze na hiyo gesi. Wajerumani waliitumia vitani kwa mara ya kwanza karibu na Ypres, Ubelgiji, Julai 1917. Inaitwa gesi lakini ni kimiminika kizito kinachotoa mvuke. Askari aliyeguswa nayo mara nyingi hakuhisi kitu kwa saa kadhaa, kisha ngozi ikafura malengelenge na macho yakavimba mpaka yakafunga. Vidonda vyake vilichelewa mno kupona, na vingine vilifunga halafu vikafumuka upya. Hilo ndilo lililomfanya J. M. Robson, mtaalamu wa dawa wa Edinburgh, aanze kushuku. Vidonda vya namna hiyo alivijua kwa watu waliounguzwa na eksirei, na tangu 1927 Hermann Muller alikuwa ameshaonyesha kwamba eksirei hubadilisha vinasaba vya nzi wa matunda. Je, kemikali nayo inaweza?

Kazi ya kupima ilimwangukia Charlotte Auerbach, mwanasayansi wa Kiyahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler. Nzi waliwekwa kwenye mvuke wa haradali juu ya paa la jengo la chuo, vifaa vya kujikinga vikiwa duni, na mikono yake ikaungua. Kufikia 1941 majibu yalikuwa hayana shaka: uzao wa nzi wale ulibeba vinasaba vilivyoharibika kwa wingi ambao kemikali yoyote iliyowahi kupimwa haikuufikia. Serikali ya Uingereza haikutaka habari za silaha zitoke wakati wa vita, kwa hiyo kazi ikachapishwa 1946. Mwaka huohuo Iosif Rapoport wa Moscow naye akatoa yake: formalini inabadilisha vinasaba vya nzi walewale. Formalini hiyo ndiyo iliyomo kwenye chupa za vielelezo vya maabara yako. Nitaigusa tena.

Sasa tusogee karibu. Molekuli ya haradali ina mikono miwili, na kila mkono una atomu ya klorini mwishoni. Ikishaingia kwenye maji ya mwili, klorini moja huachia, mkono unajikunja kuwa pete ndogo ya pembe tatu yenye chaji chanya. Pete hiyo haitulii mpaka ipate elektroni za kushika. Kwenye DNA, mahali pepesi kuliko pote pa kuzipata ni atomu moja ya naitrojeni katika gwanini, moja ya besi nne ambazo ndizo herufi za DNA, ile inayohesabiwa namba 7, kwa sababu imejitokeza kwenye mfereji mpana wa DNA bila kifuniko. Mkono unanasa hapo. Kisha mkono wa pili unafanya vivyo hivyo, na ukiikuta gwanini ya uzi wa upande wa pili, nyuzi mbili za DNA zinakuwa zimeshonwa pamoja.

Unajua vizuri maana yake. DNA hainakiliwi bila nyuzi zake kuachana. Kimeng'enya cha kunakili kinafika pale, kinakwama, uzi unakatika, na seli ikishindwa kujirekebisha inajiua. Hata pale mkono mmoja tu uliponasa, gwanini iliyoguswa hulegea na inaweza kung'oka kabisa. Pengo linalobaki likinakiliwa kwa kubahatisha, kosa linakuwa la kudumu na linarithiwa na seli zote zitakazotokana na hiyo.

Kirusi hakina namna ya kukwepa hili. Gwanini yake ni gwanini ileile, na virusi vingi havina vimeng'enya vyovyote vya kurekebisha vinasaba vyao. Mpaka hapa mwanafunzi wako yuko sahihi.

Kinachomwangusha ni hesabu, na hii unaweza kuiandika ubaoni. Kila seli ya mwili wako ina jozi za besi zipatazo bilioni 6.4, yaani besi bilioni 12.8 ukihesabu nyuzi zote mbili. Kirusi cha polio kina besi 7,500 hivi. VVU kina 9,700 hivi. Tuchukue kirusi cha besi 10,000 ili kugawanya kuwe rahisi. Sumu haijui ipi ni gwanini ya kirusi na ipi ya mgonjwa, inapiga popote inapoikuta. Ukigawanya utaona kwamba ili nakala moja ya kirusi ipate pigo moja, DNA ya seli iliyokibeba itakuwa imeshakula mapigo kama milioni 1.28. Ni makadirio, kwa sababu RNA na DNA hazipigwi kwa usawa kamili. Utaniambia seli moja inaweza kuwa na nakala elfu za kirusi. Sawa, lakini ili kila nakala ipate pigo lake, seli bado inakula milioni ileile na ushei. Na seli za jirani ambazo hazina kirusi hata kimoja zimepigwa vilevile.

Ni kweli seli yetu inajua kujirekebisha. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia 2015 kwa kuonyesha jinsi inavyofanya. Bila sumu yoyote kutoka nje, maji na oksijeni peke yake huijeruhi DNA ya kila seli makumi ya maelfu ya mara kwa siku, na karibu majeraha yote hurekebishwa. Ila makumi ya maelfu yaliyotawanyika saa 24 ni jambo moja, na milioni ya mkupuo ni jambo jingine.

Kuna sababu ya pili, na kwangu mimi inaizidi hesabu hiyo. Sumu ya DNA huua zaidi seli zinazogawanyika haraka, na moja ya sehemu za mwili zenye mgawanyiko wa kasi zaidi ni uboho wa mifupa, zinakotoka seli nyeupe za damu. Tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia. Kati ya meli zilizopigwa ilikuwamo meli ya Marekani, John Harvey, iliyokuwa imebeba kwa siri mabomu ya haradali. Daktari Stewart Alexander alipotumwa kuchunguza kwa nini mabaharia wanakufa, moja ya mambo aliyoyakuta ni seli nyeupe zilizoporomoka kwenye damu yao. Mwaka mmoja nyuma, huko Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa tayari wamemdunga mgonjwa wa saratani ya limfu ndugu wa haradali, wa aina yenye naitrojeni badala ya salfa, na uvimbe ukasinyaa. Tibakemikali ya kisasa ilianzia hapo.

Sasa fikiria unampa dawa hiyo mtu ambaye tatizo lake ni virusi. Seli nyeupe ndizo zinazopambana na virusi, na wewe unaziua. Nenda wodi yoyote ya saratani uulize wauguzi ni wagonjwa wangapi wanapata mkanda wa jeshi katikati ya matibabu. Kirusi cha tetekuwanga, kilichokuwa kimelala kwenye neva tangu utotoni, kinaamka kwa sababu kinga imeshuka. Homa ya ini aina ya B nayo hulipuka vivyo hivyo, ndiyo maana mgonjwa anapaswa kupimwa kabla ya kuanza tibakemikali. Yaani kwa vitendo sumu ya DNA, ikiwa ndani ya mwili, huishia kuvisaidia virusi.

Mfano mzuri kuliko yote uko hapa jirani, Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alichapisha 1958 habari za watoto waliokuwa wakiota uvimbe mkubwa kwenye taya. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege mpaka London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani ya seli zake kwa hadubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Dawa iliyofanya kazi vizuri kwa watoto hao ilikuwa saiklofosfamaidi, ambayo ni mjukuu wa haradali: mikono miwili yenye klorini, lakini imetulizwa ili isianze kazi mpaka ibadilishwe na ini. Uvimbe wa taya ungeweza kunywea ndani ya siku chache. Kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Mulago 1967 ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Mwambie mwanafunzi wako auchunguze mfano huo kwa makini, maana unaonekana kama unamuunga mkono. Ugonjwa una mkono wa kirusi, dawa ni sumu ya DNA, mtoto anapona. Ila kirusi hakikufa. Zilizokufa ni seli za uvimbe, ambazo zilikuwa zikigawanyika kwa kasi isiyo ya kawaida. Kirusi cha Epstein-Barr kinabaki kimelala kwenye seli nyeupe za mtoto yule maisha yake yote, kama kilivyolala kwa wengi wetu tusiowahi kuugua.

Nje ya mwili mambo hugeuka, kwa kuwa kwenye tangi la kiwanda hakuna mgonjwa wa kumhurumia. Ukiumwa na mbwa ukakimbizwa hospitali, chanjo ya kichaa cha mbwa unayochomwa leo kwa kawaida imetengenezwa kwa virusi vilivyouliwa na beta-propiolaktoni. Kemikali hii hunasa gwanini pale pale, namba 7, na hugusa protini pia. Uzuri wake ni kwamba haidumu kwenye maji: ikishamaliza kazi huvunjika yenyewe ndani ya saa kadhaa ikawa kitu kisicho na madhara. Kinachobaki ni kirusi chenye sura yake ya nje, ambayo kinga inaitambua, lakini vinasaba vyake havinakiliki tena. Chanjo za UVIKO-19 za Sinopharm na Sinovac zilitengenezwa kwa njia hiyo.

Chanjo ya polio ya Jonas Salk iliua virusi kwa formalini, na hapo pana kisa ambacho hufundishwa kwa kila anayeingia kazi hii. Iliruhusiwa Marekani Aprili 1955. Wiki chache tu baadaye watoto waliochanjwa kwa shehena za maabara ya Cutter, California, wakaanza kupooza mkono au mguu uleule uliochomwa sindano. Virusi vingine vilikuwa vimeshikamana mabonge, formalini ikaua vya nje na haikuvifikia vya ndani. Watu kumi walifariki na wengi wakabaki na ulemavu. Kwa kemikali ya namna hii kipimo kidogo ni hatari kama kikubwa, kwa hiyo hilo neno "dozi ndogo" kwenye swali la mwanafunzi ndilo linalonitisha kuliko yote.

Na kirusi kilichojeruhiwa bila kufa kinaweza kuwa kirusi kipya. Hili lilithibitishwa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1958, kwa kirusi kinachotia madoa majani ya tumbaku. Alfred Gierer na Karl-Wolfgang Mundry waliichukua RNA yake tupu wakaitia kwenye asidi ya naitrasi. Asidi hiyo huing'oa amino kutoka kwenye sitosini, na sitosini isiyo na amino ni urasili: besi moja imegeuka nyingine, basi. RNA nyingi ilipoteza nguvu ya kuambukiza. Lakini kati ya iliyobaki hai, mimea iliota madoa ya namna tofauti, na tofauti hiyo ikarithiwa na vizazi vya kirusi vilivyofuata.

Basi dawa za virusi zinafanyaje? Hapa ndipo swali lako na la mwanafunzi yanapoachana. Dawa nzuri haivamii vinasaba vilivyokwisha kujengwa. Inasubiri wakati kirusi kinajinakili, kisha inajipenyeza kama besi ya bandia, na cha muhimu kuliko vyote ni kimeng'enya cha nani kinaipokea.

Mfano safi ni asaiklovia, hiyo wanayopewa wagonjwa wa mkanda wa jeshi. Imeumbwa kwa sura ya gwanini, ila sukari yake imekatwa nusu. Ili itumike lazima ivalishwe fosfati tatu, na fosfati ya kwanza huvalishwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Seli nzima, isiyo na kirusi, karibu haiigusi. Dawa inaingia na kutoka. Katika seli iliyoambukizwa, kirusi chenyewe kinaiwasha, kisha kimeng'enya cha kirusi cha kunakili DNA kinaiokota na kuipachika kwenye uzi. Hapo kazi inasimama. Ni kama kutunga shanga ukakutana na ushanga uliotobolewa upande mmoja tu: unaingia kwenye uzi, lakini hakuna kingine kitakachopita baada yake. Gertrude Elion, ambaye maabara yake ilitoa dawa hii, alipata Nobel 1988.

AZT ilichelewa kupata kazi yake. Jerome Horwitz aliitengeneza 1964 akitafuta dawa ya saratani, ikashindwa, ikawekwa pembeni. Machi 1987 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani dhidi ya VVU. Tofauti yake na asaiklovia ni kwamba fosfati zake zote huvalishwa na vimeng'enya vyetu, si vya kirusi, kwa hiyo inawaka hata kwenye seli zisizo na VVU. Kinachotuokoa ni hatua ya pili. Kimeng'enya cha VVU kinachogeuza RNA kuwa DNA hakichagui chakula na hakirudi nyuma kukagua kilichoandika. Vimeng'enya vyetu vikuu ndani ya kiini cha seli vinachagua, na vikikosea vinang'oa.

Nimesema vikuu. Kuna kimoja kinachoshughulikia DNA ndogo ya mitokondria, kinaitwa polimerasi gama, na hicho si makini hivyo mbele ya baadhi ya dawa hizi. Ndicho kilichowaponza watu wa kizazi chako cha matibabu. d4T ilikuwa inaingia kwenye DNA ya mitokondria na kuikatisha, mitokondria zikapungua, na matokeo yake mwenyewe unayajua kuliko mimi: nyayo kuwaka moto usiku, mashavu kubonyea, mikono na miguu kukonda huku tumbo likikua. Wagonjwa walifika kliniki wakisema "dawa inanila". Hawakuwa wakizua. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2009 nchi ziachane nayo hatua kwa hatua, na kwa maoni yangu ushauri huo ulichelewa, ingawa naelewa kwamba d4T ilikuwa rahisi na iliwaokoa watu ambao vinginevyo wangeshazikwa.

TLD ni habari nyingine. T ni tenofovia, yenye sura ya adenini. L ni lamivudini, yenye sura ya sitosini. Zote mbili ni za kukatisha uzi, na ni kweli "zinaingia kwenye DNA", ila DNA yenyewe ni ile ambayo kirusi kilikuwa ndiyo kwanza kinaijenga, ikiwa bado haijapandikizwa kwenye DNA ya seli yako. Polimerasi gama inazipokea kwa shida sana, ndiyo maana mambo ya d4T huyaoni tena. D ni dolutegravia, na hiyo haiingii kwenye DNA yoyote. Inakaba kimeng'enya ambacho VVU hukitumia kupandikiza DNA yake ndani ya yetu. Tenofovia ina lawama zake, hasa kwa figo, kwa sababu seli za mirija ya figo huikusanya wakati wa kuitoa mwilini. Hilo hufuatiliwa kwa kipimo cha kreatinini.

Hapo utaona pia kwa nini dawa ni za maisha. Nakala za VVU zilizokwisha kupandikizwa kwenye DNA ya seli zilizolala haziguswi na TLD hata kidogo, kwa kuwa hakuna kinachonakiliwa hapo cha kukatisha. Mwanafunzi wako angesema: basi hapo ndipo sumu ya DNA iingie! Arudi kwenye hesabu ya ubaoni.

Ipo lakini familia moja ya dawa inayokaribia wazo lake. Badala ya kukatisha uzi, dawa hizi zinakubali kirusi kiendelee kunakili huku kikikosea. Virusi vya RNA tayari vinaishi kwa makosa mengi, ukiviongezea kidogo vinavuka mpaka na kizazi kinachofuata hakifai kitu. Mwaka 2001 Shane Crotty, Craig Cameron na Raul Andino walilionyesha hili kwa polio na dawa ya ribavirini: makosa yalipoongezeka mara 9.7, uwezo wa vinasaba vya kirusi kuambukiza ulishuka kwa asilimia 99.3 ndani ya mzunguko mmoja. Molnupiravia ya UVIKO-19, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2021, inafanya kazi kwa mtindo huo. Besi yake inabadilika umbo, mara inajifanya sitosini, mara urasili.

Mimi si shabiki wake. Katika maabara, seli za wanyama zilionekana zinaweza kuigeuza ikaingia kwenye DNA zao, na ndiyo sababu wajawazito hawashauriwi kuitumia na kozi ikafanywa siku tano tu. Halafu 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi ulioonyesha virusi vya korona vyenye alama ya makosa ya molnupiravia, vimetoka kwa wagonjwa na vingine vikaambukiza watu wengine. Wale wa Tübingen wasingeshangaa.

Umeuliza ya dawa tu, ila niongeze la vyakula, kwa sababu sumu ya DNA inayotakiwa kukuhangaisha haiko kwenye kopo la ARV bali ghalani. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Yenyewe haina makali hayo mpaka ifike kwenye ini; vimeng'enya vya ini, katika kujaribu kuitoa, vinaigeuza kuwa umbo kali linalonasa, utakisia wapi, naitrojeni namba 7 ya gwanini. Kwa dozi kubwa inaua upesi. Kenya 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kwetu Tanzania ilizuka 2016, Dodoma na Manyara. Kwa dozi ndogo za kila siku inaandaa saratani ya ini.

Na hapa sumu na kirusi wanafanya kazi bega kwa bega. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa 1994 ulikuta kwamba mwenye dalili za sumukuvu mwilini hatari yake ya saratani ya ini ilikuwa kama mara tatu na nusu, mwenye homa ya ini aina ya B kama mara saba, na mwenye vyote viwili karibu mara 60. Kirusi kinajeruhi ini, seli zinagawanyika kila mara ili kuziba, na kila mgawanyiko ukipita juu ya gwanini iliyonaswa ni nafasi ya kosa kudumu. Mahindi yanayochaguliwa kwa ajili ya ugali yaondolewe punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Usidhani kupika kutaimaliza, sumukuvu inahimili moto wa jikoni.

Formalini ya maabara: iko kwenye orodha ya kwanza ya visababishi vya saratani kwa binadamu, pamoja na haradali na sumukuvu. Vielelezo vya kushikwa na wanafunzi vioshwe kwa maji na kuhamishiwa kwenye alkoholi ya asilimia 70, madirisha yawe wazi na mikono iwe na glavu. Chupa zilizofungwa vizuri kabatini hazina shida.

Kwako binafsi, mambo mawili ukienda CTC, kliniki unakochukulia ARV. Uliza kreatinini yako ya mwisho ilipimwa lini. Pia uliza kama umewahi kupimwa homa ya ini aina ya B, kipimo chake kinaitwa HBsAg, kwa sababu watu wazima wengi wa rika letu hawakupata chanjo yake utotoni. Ikiwa hasi, omba uchanjwe. Ikiwa chanya, tenofovia na lamivudini zilizo kwenye TLD zimekuwa zikikidhibiti kirusi hicho pia muda wote huu, na kuziacha ghafla kunaweza kulipua ini. Iandikwe wazi kwenye kadi yako, ili siku daktari akitaka kukubadilishia dawa asiiondoe tenofovia bila kujua.